Marehemu baba kaacha bunduki tano, kila moja na nchi yake. Nitajuaje ipi ni ya wapi?

Mjukuu wa Newala
Wakuu heshima kwenu. Baba yetu alifariki mwezi wa pili, huku Newala. Juzi tunagawana vitu, juu ya dari la chumba chake tukakuta gunia la korosho lina bunduki nne. Ukijumlisha na ile aliyokuwa anafukuzia nguruwe wa mihogoni, zinakuwa tano. Nimezifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, maandishi yakatokea. Ya kwanza ndefu kama mwiko wa shughuli, ina taji na neno Spandau 1876, inakula risasi tano. Ya pili ina taji na herufi C na I zimekumbatiana. Ya tatu ina taji pia na neno Ishapore. Ya nne ni gobore, haina hata nukta. Ile ya mihogoni ni Baikal, imeandikwa ilitengenezwa USSR.
Swali langu ni moja tu: hizi ni za nchi gani? Maana nasikia bei inategemea nchi. Matusi hapana.

Kifaru Mpole
Mataji matatu juu ya dari moja! Mzee alikuwa anafungua ubalozi au?

Bi Tatu wa Temeke
Pole kwa msiba mwanangu. Ila mgawane vizuri. Sisi baba alipofariki aliacha cherehani moja tu, na mpaka leo mimi na dada yangu hatusalimiani. Cherehani anayo yeye, na kushona hajui.

Mbeba Boksi
Mkuu umenigusa. Mimi niko Ohio, huku nina ukuta mzima wa bunduki za kale, na kuna leseni kabisa ya wakusanyaji kwa silaha zilizopita miaka 50. Nilianza kwa kutaka nchi moja bunduki moja, nikaishia kuchanganyikiwa. Nina ya Mfini, M39, mtutu wake wa Kifini, ina muhuri wa SA wa jeshi lao. Ukiifungua ndani unakuta chapa za Urusi ya mfalme, kwa sababu Wafini walijengea juu ya vyuma vya Mosin, bunduki ya jeshi la Mrusi. Sasa niiweke rafu gani? Mke wangu anasema niiweke nje.
Na zako ndiyo hivyo hivyo. Hiyo C na I ni Carlos wa Kwanza, mfalme wa Ureno, yule aliyeuawa Lisbon 1908. Lakini tazama ubavuni, utakuta imeandikwa Berlin. Mreno aliagiza kwa Mjerumani. Ishapore ni India, jirani na Calcutta. Taji la Mwingereza, jasho la Mhindi.

Mjukuu wa Newala
Berlin ipo kweli!! Nimeenda kuangalia na tochi sasa hivi. Kwa hiyo niseme ni ya Mreno au ya Mjerumani? Mteja anataka ya Mjerumani.

Dada Mchumi
Mteja? Mteja yupi? Kwenye uzi hapakuwa na mteja.

Mzee wa Kigoda
Kijana, nimefanya kazi ya ulinzi wa raia miaka 31. Acha mambo ya nchi. Leseni iko wapi?

Mjukuu wa Newala
Mzee shikamoo. Suala la leseni silo nililouliza.

Mzee wa Kigoda
Marahaba. Ndilo ninalokujibu.

Mjukuu wa Newala
Basi nisemeni. Leseni ipo ya Baikal peke yake, na ina jina la marehemu. Hizo nyingine hakuna karatasi. Kuna jamaa alinipigia kutoka Dar, ana bosi anayekusanya, anataka moja ya kila nchi iliyopigana hapa vita ya kwanza. Alinitumia laki sita kwenye simu kama kishika uchumba. Na kabla hamjanihukumu, hiyo hela nimeshanunua mabati ya nyumba ya mama. Mvua za huku mnazijua? Halafu hivi ni vyuma vya kale tu, vimekaa darini miaka yote na havijamdhuru mtu.

Dada Mchumi
Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba bei.

Mzee wa Kigoda
Mwenye leseni akifa, bunduki inapelekwa polisi kwanza, mrithi ndiyo anaomba upya kuanzia kijijini. Hizo zisizo na karatasi ni za kusalimisha. Kuuza kwa mtu wa simu ni jela, na sheria ya silaha ya 2015 haikusema vya kale visamehewe kwa sababu mama ana mabati mapya.

Mtumishi Asiyelala
Kila taji hapo lina damu ya Mwafrika. Mimi ningezifukia. Bwana awape wepesi.

Kifaru Mpole
Akizifukia, huyo mwenye shamba la jirani akilima si atasema amepata mzimu wa kijeshi.

Fundi Saa
Samahani, nimekuwa nasoma kimya. Mwenye uzi amesema Spandau ya 1876 inakula risasi tano. Spandau ni kiwanda cha silaha cha Mjerumani, na bunduki hiyo ni Mauser ya 1871, haina magazini ya kubebea risasi. Unaweka risasi moja, milimita 11, unapiga, unaweka nyingine. Ndiyo walizokuwa nazo askari wengi wa Mjerumani huku kwetu 1914, na baruti yake ilitoa moshi mzito mweupe mpaka adui anajua umejificha kichaka gani. Sasa hiyo tano imetoka wapi? Hii chai wakuu, na tangawizi imezidi.

Kifaru Mpole
🍵 Nimeleta na vitumbua.

Dada Mchumi
Weka picha basi.

Mjukuu wa Newala
Picha niweke mnikamatishe? Nilichanganya, yenye tano ni ya Mreno. Mimi ni mwalimu wa hisabati, si mwanajeshi. Ila chai inajua hiki? Kitako cha hiyo ndefu kina tundu la mchwa upande wa shavu, limezibwa kwa nta ya nyuki, na kwenye nta kuna alama ya kidole gumba. Kidogo, kama cha mtoto. Babu mzaa baba alibebeshwa mizigo na Wajerumani akiwa kijana, wakavuka Ruvuma naye Novemba 1917, Ngomano, walipowanyang'anya Wareno kila kitu. Alirudi na nini hakusema.

Fundi Saa
Hiyo ya Ngomano inaingia akilini. Askari wengi walitoka pale na bunduki za Mreno. Ila nta na kidole, hapo umetia iliki.

Bi Tatu wa Temeke
Mimi nauliza hilo gobore mbona hamlihesabu? Nalo si lina nchi yake?

Mbeba Boksi
Bi Tatu umesema. Mfua chuma wa Newala hakuwa na taji la kugonga. Mimi ukuta mzima sina hata moja ya nyumbani.

Mzee wa Kigoda
Usimpe mawazo.

Mjukuu wa Newala
Wakuu, mambo yamebadilika. Shangazi kasikia nikiongea na yule jamaa wa Dar. Kafunga chumba, ufunguo kaukunja kwenye pindo la kanga, na kamwita mtendaji aje asubuhi na polisi. Jamaa anapiga simu kila baada ya dakika kumi anataka laki sita yake. Mabati yameshapigiliwa.

Dada Mchumi
Shangazi apewe ubalozi.

Mbeba Boksi
Kabla polisi hawajaja, mwombe shangazi afungue dakika moja tu. Kwenye hiyo ya Carlos, namba ya mtutu na namba ya kile chuma cha kukokia zinafanana?