Wakuu, kusimamia mkeka wa kikapu wa March Madness ni kununua maadui kwa hela yako mwenyewe

Wakuu nipo Houston, saa hizi ni saa saba usiku, saa kumi na moja alfajiri natakiwa niwe barabarani naenda kazini na bado nimekaa na simu naitwa mwizi. Mwizi wa dola 120 ambazo zinatoka mfukoni kwangu mimi mwenyewe. Nimekuja kutapikia huku maana kule kwenye grupu la wasap nikiandika kitu najibiwa kwa stika za paka.

Kwa mlioko nyumbani msioujua huu wazimu, kila mwezi wa tatu vyuo vya Marekani vinacheza mashindano ya kikapu, timu 68, ukifungwa mara moja unafungasha. Zile mechi nne za mchujo zinazochezwa Dayton sisi tunaziruka, zinabaki timu 64, kanda nne, kila kanda imepangwa kwa ubora kuanzia namba 1 mpaka namba 16. Kabla haijachezwa hata moja unajaza mti mzima, mechi 63, mpaka bingwa. Ni mkeka kama hiyo mikeka yenu tu ila huu ukichanika Alhamisi hakuna kuweka mwingine Jumamosi, unakaa nao umechanika mpaka mwezi wa nne. Na utachanika tu, njia za kuujaza ni 9 yenye tarakimu 18 nyuma yake, hakuna mwanadamu wa kupatia zote.

Kijiwe chetu kimeanzia kwa mzee mmoja hapa, tumwite Mzee tu. Yeye ndio alianza kuangalia hii kitu enzi za Mbongo mwenzetu Hasheem Thabeet pale UConn (chuo cha Connecticut), 2009 wakafika nne bora wakatolewa na Michigan State, halafu Thabeet akachaguliwa namba mbili NBA. Tangu hapo kila mwaka UConn wakiwemo Mzee anawajaza bingwa, hata wawe wabovu. Tukawa tunamcheka, 2023 UConn wakachukua, na fainali ikachezwa hapa hapa Houston, 2024 wakachukua tena, Mzee akawa haongei na mtu. Mwaka huu 2025 UConn walipangwa namba 8, Florida wakawatoa raundi ya pili 77 kwa 75, ndio kidogo tukapumua.

Sasa mimi kosa langu ni kwamba 2022 nilisema "nitasimamia mimi". Neno dogo hilo. Toka siku hiyo mimi ndio katibu, mweka hazina, hakimu na mbuzi wa kafara, na sichukui hata senti.

Utaratibu nimeuandika, nimeu-pini juu kwenye grupu, Jumapili ile timu zilipotangazwa. Watu 34, kila mtu dola 20, jumla 680. Wa kwanza 500, wa pili 160, wa tatu anarudishiwa 20 yake. Pointi ni 1 raundi ya kwanza, 2, 4, 8, 16, fainali 32. Mpaka hapo kuna aliyeona giza? Mpaka mechi ya kwanza inaanza walikuwa wamelipa watu 19. Baada ya kudai kama mke wa pili wakafika 27. Saba mpaka leo wamekausha. Wabongo tumehama na kamati za harusi zetu kichwani, mtu anakuandikia "niweke kwenye ahadi mkuu". Ahadi ya nini, unaoa?? Kuna mmoja ananitumia tiki za bluu tu, halafu Jumapili namkuta kanisani ananikumbatia.

Na katika hao saba yumo Mzee. Haya niambieni nyie, mtu unamwamkia shikamoo unamdaije dola 20? Nimejaribu. Nilimpigia, nikaamkia, akauliza wazazi wanaendeleaje, akaniombea dua ndefu, nikashukuru nikakata simu.

Halafu kazi yenyewe. Niliwaambia twende kwenye tovuti, ziko za bure, unajaza, muda ukifika inajifunga yenyewe na pointi inahesabu yenyewe. Mzee akasema yeye hajisajili kwenye vitu vya kuomba baruapepe, wengine wakadandia hapo hapo, kwa hiyo mimi napokea picha za karatasi zimepigwa gizani, nyingine ina alama ya kikombe cha chai, naingiza kwenye ekseli. Mikeka 34 mara mechi 63 ni visanduku 2,142 na nimevijaza kwa kidole changu, usiku, mke wangu ananiangalia tu. Jumatano nzima nilikuwa nabishana na karatasi moja kujua kama imeandikwa Michigan au Michigan State.

Sasa njooni kwenye kitu chenyewe kilichoniwasha.

Mechi ya kwanza ilikuwa Alhamisi tarehe 20, Louisville na Creighton, inaanza saa tano na robo asubuhi saa za huku. Mimi kwenye utaratibu nikaandika "mwisho wa kutuma ni Alhamisi saa 11:15, saa za Houston". Nimeandika vile simu inavyosoma. Basi kuna mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Dar, ndio mwaka wake wa kwanza kucheza. Hatumi asubuhi, hatumi mchana, saa kumi na dakika hamsini jioni yangu mkeka wake huo, bado umelowa. Namuuliza dogo vipi, ananijibu "kaka umesema saa 11:15, kwani saa kumi na moja na robo imeshafika huko?"

Wakuu nilicheka kwanza. Kwa Kiswahili chetu dogo hajakosea, saa 11:15 ni kumi na moja na robo. Ndio nikafungua mkeka wenyewe. Mechi nane za mchana zilikuwa zimeshaanza na nyingi zimeshaisha. Zilizoisha zote kapatia. Creighton namba 9 kampiga Louisville, kapatia. McNeese namba 12 kamtoa Clemson namba 5, 69 kwa 67, KAPATIA. Kwenye watu 34 hakuna hata mmoja aliyemweka McNeese isipokuwa kijana aliyekaa Mbagala ambaye wiki iliyopita aliniuliza kama McNeese ni jina la mtu. Nikamwambia toka. Dakika tano mama mdogo kapiga simu, mtoto amekesha, mtoto umemvunja moyo, nyie mlioko Ulaya mna roho mbaya (Marekani kwake ni Ulaya). Nikalegea. Nikasema sawa, ila hizo mechi nane ni sifuri. Akakubali, skrinshoti ninayo.

Na hela je? "Kaka nikishinda utakata humo humo."

Basi mechi zikaenda. Mwaka huu ukawa wa ajabu, namba moja zote nne zikafika nne bora, Florida, Auburn, Duke, Houston, kitu ambacho kabla ya hapo kilitokea 2008 peke yake. Nusu ya kijiwe walikuwa wameweka Houston bingwa kwa sababu ndio mji wetu, Waganda wetu na jirani zao wameweka Duke kwa ajili ya Khaman Maluach, yule mrefu wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda. Nusu fainali Duke wakaongoza kwa pointi 14 kipindi cha pili wakafa kwa Houston 70 kwa 67, siku hiyo grupu lilikuwa na meseji 400 na zaidi na sikuweza kusoma hata robo.

Fainali tulikuwa kwangu. Nimepika pilau mimi, soda nimenunua mimi. Houston wakaongoza kwa 12, watu wameshaanza kugawana zile 500 mdomoni. Florida wakarudi polepole. Mwisho kabisa ni 65 kwa 63, mpira ni wa Houston, Emanuel Sharp karuka kurusha tatu, Walter Clayton huyo kamrukia, Sharp yuko hewani akaghairi, akauachia mpira chini, na akiugusa tena yeye mwenyewe ni kosa, kwa hiyo amesimama anautazama unadunda. Unadunda. Sebuleni watu kumi na mbili na hakuna anayepumua, jamaa mmoja ana kijiko cha pilau nusu ya safari. Florida wakauvamia, kengele. Kijiko hakikufika mdomoni, kikarudi kwenye sahani.

Halafu simu ikaita. Jamaa yetu dereva wa lori. Huyu alijaza mkeka wake amepaki kituo cha mafuta huko Lake City, Florida, kwa dakika mbili, namba moja zote nne mpaka nne bora, bingwa Florida "kwa sababu ndio nipo hapa". Kashinda kwa mbali. Sasa vidume vilivyokesha na takwimu vikaanza, hajacheza huyu, kajaza kivivu, mkeka wa namba moja zote ufutwe. Ufutwe kwa sheria ipi? 2018 Virginia namba moja wakapigwa na UMBC namba 16, 74 kwa 54, 2023 Purdue namba moja wakapigwa na Fairleigh Dickinson, mngekuwa mnamcheka huyu huyu. Mwingine akaja na hesabu, eti yeye raundi ya kwanza kapatia mechi 26 na fainali moja isingepaswa kuwa na pointi 32. Raundi ya kwanza ina mechi 32 na kila moja ni pointi 1, kwa hiyo raundi zote zina uzito sawa, nimeieleza hii mara nne mpaka kwa voisinoti. Dereva nikamtumia 500 yake usiku ule ule. Ndio mtu pekee aliyesema asante.

Nikabaki na 40. Na wa pili na wa tatu wanatakiwa 180.

Wa pili sasa. Wamefungana pointi wawili, mdogo wangu wa saa 11:15 na jamaa mmoja wa hapa hapa, kalipa siku ya kwanza, mtu wa maana, ila mbishi kuliko mkaa mbichi. Sare inavunjwa kwa kukisia jumla ya pointi za fainali. Jumla ni 128. Dogo aliandika 131, jamaa aliandika 122. Nimeandika nini kwenye utaratibu? "Atakayekaribia zaidi." Tatu na sita ipi ndogo? Nikatangaza dogo wa pili.

Jamaa akasema hapana. Kukaribia, anasema, ni kabla hujafika. Ukishapita umepita. "Basi likipitiliza kituo utasema limekaribia kituo?" Yaani mtu mzima, ana watoto watatu, ananiuliza hivyo saa sita usiku. Na watu wakamuunga mkono! Likazuka darasa la Kiswahili, mmoja wa Mombasa akasema kwao kukaribia ni pande zote mbili, wa Bukavu akasema yeye alielewa "karibu" ya kukaribishwa, sijui alikuwa anachangia nini. Nikishikilia neno langu naambiwa ni undugunaizesheni, nambeba mtoto wa mama mdogo ambaye hata hajalipa. Na huyo ninayembeba naye kanuna, anataka pointi za zile mechi nane zirudi ili awe wa pili bila kuvunja sare, na 160 yake nitume na ya kutolea.

Kwamba asiyelipa hapokei zawadi sikuandika. Hapo nilizembea, nipigeni. Ila kweli mtu mpaka aandikiwe?

Nilichofanya: jamaa mbishi nimempa 160, ile 40 iliyobaki na 120 kutoka kwenye hela yangu ya matairi, ili anyamaze, hajanyamaza, anasema nimekiri kosa. Dogo nimemwandikia yeye ndio wa tatu, kapata 20, nimekata 20 ya kiingilio chake, tumemalizana sifuri kwa sifuri. Mama mdogo hapokei simu zangu. Hao sita waliobaki majina yao nimeyaweka kwenye grupu leo asubuhi, ukimtoa Mzee, sikuweza, mkono ulikataa.

Nimeandika mpaka hapa dogo ananitumia meseji, kwao kumekucha. "Kaka ile hela utanitumia saa ngapi?"

Nimemjibu saa 11:15.