Uzito umegoma kushuka, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nilikuwa na kilo 94. Nikaacha soda na chapati za asubuhi, nikapunguza ugali, nikaongeza mchicha, maharage na samaki, na jioni natembea. Nikashuka vizuri hadi kilo 83, hapo mzani ukaganda. Wiki zinapita, namba ni ileile.

Naelewa mwili ukipungua unatumia nishati kidogo kuliko ulipokuwa mzito, kwa hiyo chakula kilichokuwa kinanipunguza sasa kinatosha kunibakiza nilipo. Lakini kupunguza tena kunanitia hofu, maana nina presha na natumia dawa. Sitaki kupata kizunguzungu kazini. Na zile chai za kukata tumbo zinazouzwa mitandaoni, tafadhali msinishauri kabisa.

Mliopitia hali hii mlifanyaje? Nafikiria kuanza mazoezi ya nguvu nyumbani, pushapu na kuchuchumaa, ili misuli isipotee. Mafuta ya kupikia mnapima kwa kijiko au mnakadiria? Halafu kiuno kinaendelea kupungua kidogo ingawa kilo hazisogei, nifuate kipimo kipi? Kliniki narudi mwezi ujao, nataka niende na maswali ya maana.