Injini inakohoa nikiwasha tena mchana wa jua

Mjenzi wa Laikipia: Wadau, naomba msaada. Ndege yangu ya viti viwili nimeiunda mwenyewe, injini Rotax 912 ya farasi 80, natumia petroli ya sheli. Asubuhi haina neno. Jumamosi nilitua Nanyuki saa saba mchana, nikazima, nikanywa chai kama dakika ishirini. Kuwasha ikawaka, lakini nikielekea kuruka geji ya presha ya mafuta ikashuka hadi bar 0.1, injini ikaanza kukohoa. Chujio safi, tangi halina maji. Sitairusha mpaka nielewe.

Fundi Mzee: Umefanya vyema, mwanangu. Huo ni mvuke. Ukizima, upepo wa propela unakoma ilhali egzosi bado ya moto, na joto lote linabaki ndani ya kava. Petroli iliyolala kwenye paipu inachemka, na pampu haiwezi kuvuta mapovu. Nanyuki ni karibu mita 1,900 juu ya bahari, na huko juu vitu huchemka upesi. Hata maji ya chai yako yalichemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Petroli nayo ni vivyo hivyo, tena ya sheli huvukiza upesi kuliko avgas, petroli ya ndege. Pampu ya umeme umeiweka wapi? Una paipu ya kurudisha mafuta tangini?

Mjenzi wa Laikipia: Ya kurudisha sikuweka, niliona ni uzito wa bure. Pampu iko upande wa injini, juu, na paipu inapita vidole viwili tu kutoka kwa egzosi.

Fundi Mzee: Basi ndipo hapo. Ishushe pampu karibu na tangi, upande wa baridi. Ikisukuma kutoka huko, petroli inakaa na presha na haichemki upesi. Ikivuta kutoka mbali, presha inashuka na mapovu yanazaliwa. Paipu ya kurudisha si uzito wa bure: iwekee kijitundu cha milimita 0.35, mvuke upate pa kutokea. Sogeza paipu mbali na egzosi kwanza, ndipo uivalishe soksi ya kukinga moto, maana soksi huchelewesha joto tu. Kona kali za paipu upande wa kuvuta zitoe.

Kisha rudia Jumamosi yako ukiwa chini: jua kali, zima dakika 20, funga ndege kwa kamba, washa, sukuma mkono wa gesi hadi mwisho, macho kwenye geji. Ikishuka chini ya bar 0.15, usiruke.

Rubani wa Kajiado: Nyongeza: ukiegesha, elekeza pua kwenye upepo na ufungue kile kimlango cha kukagulia oili. Joto litatokea hapo.

Mjenzi wa Laikipia: Asante, Mzee. Pampu nimeing'oa jioni hii.