Kiolezo cha Windows 11 kwa mashine pepe 120: nifyeke kwa kifaa, nichukue LTSC, au nijenge kwa skripti?

fundi_wa_zamu
Wakuu, habari za kazi. Nimerithi mashine pepe 120 (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) zinazozaliwa na kiolezo kimoja, yaani nakala mama, na kiolezo chenyewe, nimegundua jana, ni laptop ya mtu iliyohamishiwa kwenye seva nzima nzima. Ndani kuna draiva ya betri, draiva ya printa isiyojulikana ilipo, na folda ya picha za harusi. Saa mbili asubuhi watu wakiingia kwa mpigo, seva inahema.

Naanza upya na Windows 11. Naona njia tatu: kusakinisha safi kisha kupitisha kifaa cha kufyeka, yaani cha kuondoa na kuzima visivyohitajika, kama Citrix Optimizer au ile OS Optimization Tool iliyokuwa ya VMware, sasa ya Omnissa, kuchukua toleo la LTSC (Windows ya kuhudumiwa muda mrefu bila kubadilishwa sana), au kujenga kila kitu kwa skripti kupitia Packer, programu inayojenga violezo yenyewe. Watumiaji wangu ni wa Excel, Outlook na kivinjari tu. Mtu akitoka, mashine inafutwa na kuzaliwa upya. Nani amezipitia zote?

ltsc_damu
LTSC, mjadala ufungwe. Haina Store (duka la programu la Microsoft), haina michezo, haina matoleo mapya ya kila mwaka. LTSC 2024 inahudumiwa hadi Oktoba 2029. Kazi ya kufyeka umeshafanyiwa na wenye mali.

bi_leseni
Usifunge mapema hivyo, ndugu yangu. Hukumsikia akitaja Excel na Outlook? Kama wanatumia Microsoft 365 Apps, Microsoft haizihudumii juu ya LTSC. Zitasakinika na zitafunguka, ila siku zikigoma hutakuwa na wa kumlilia. Atalazimika kuhamia Office LTSC, na hiyo ni leseni nyingine kabisa. LTSC iwekeni kwenye mashine za kuendesha mitambo, au za kaunta zinazofungua programu moja kutwa. Kwa karani, Enterprise ya kawaida, toleo la Windows la mashirika.

mzee_nakala
Bi_leseni kanena. Mimi nimekaa na njia ya kwanza miaka mingi, kwa hiyo niseme inapouma.

Hiyo laptop itupe, usijaribu kuiosha. Unda mashine mpya, sakinisha kutoka ISO (faili ya usakinishaji wa Windows), na isiwe na intaneti mpaka umalize hatua za mwanzo. Ukifika skrini ya kuchagua nchi, bonyeza Ctrl+Shift+F3 uingie kwenye hali ya ukaguzi. Ukipuuzia hili, Store itaanza kusasisha programu zake kwa jina la mtumiaji uliyeingia naye, na siku ya Sysprep, kifaa kinachoiandaa Windows inakiliwe, utagomewa. Fungua setupact.log ndani ya C:\Windows\System32\Sysprep\Panther, utaikuta imetaja kifurushi kwa jina, ikilalamika kwamba kimesakinishwa kwa mtumiaji mmoja badala ya wote. Unakiondoa kwa Remove-AppxPackage, unarudia, inataja kingine. Niliwahi kumaliza mchana mzima hivyo, kifurushi kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele. BitLocker, ile ya kufunga diski kwa siri, nayo ikiwa imejiwasha, Sysprep haisogei mpaka uizime.

Sasa asubuhi yenu. Watu wengi hukimbilia kuzima huduma, lakini kinachoua seva mara nyingi ni kazi ambayo kiolezo kiliacha kiporo. Ukishasakinisha masasisho, .NET (msingi wa Microsoft unaoendeshea programu nyingi) huweka foleni ya kutafsiri faili zake, ikisubiri mashine ipumzike ndipo ifanye. Wewe unazima kiolezo kabla foleni haijaisha. Kila nakala inaamka na foleni ileile, inaifanya, jioni inafutwa, kesho inaanza tena. Zidisha kwa 120. Kabla ya kufunga kiolezo, endesha ngen executeQueuedItems, amri ya kumaliza foleni hiyo, kutoka folda ya Framework64, halafu ile ya Framework, usubiri imalize. Antivairasi nayo ikague diski nzima humohumo, ili nakala zisirithi ukaguzi ambao haujafanyika.

tiki_zote
Jina langu linajieleza. Nilifungua kifaa cha kufyeka nikaweka tiki kila kisanduku. Kikafyeka kweli! Kesho yake menyu ya Start haifunguki kwa nusu ya watu. Nilikuwa nimezima huduma ya Windows Firewall yenyewe, na Microsoft wanasema wazi hiyo isisimamishwe: ukitaka ukuta usifanye kazi, zima profaili zake, huduma iache iendelee. Nilizima pia Windows Search, na watu wa Outlook wakawa wanatafuta barua kwa macho.

Vitu vya kuzima bila woga kwenye mashine zinazofutwa: kupanga upya diski kwa ratiba, System Restore, masasisho ya kujiendesha, na hibernation (kulaza mashine kwa kuhifadhi kumbukumbu kwenye diski) kwa powercfg -h off. Hiyo ya mwisho inakurudishia nafasi ya diski papo hapo.

mpika_skripti
Yote aliyoyasema mzee_nakala ni sahihi, na ndiyo sababu siyafanyi kwa mkono. Masasisho hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kila mwezi utakumbuka ngen? Na mwenzako ukiwa likizo? Packer inaipa Windows faili ya majibu (majibu ya maswali ya usakinishaji), inasakinisha, inaendesha skripti zangu kwa mpangilio uleule, inazima mashine. Kifaa cha kufyeka nakiita ndani ya skripti na orodha yangu ya tiki, kwa hiyo njia ya kwanza na ya tatu hazigombani. Sikufichi, kuiandaa mara ya kwanza kulinichosha. Faili ya majibu ikikosea herufi moja, usakinishaji unasimama kimya na hujui kwa nini.

mzee_nakala
Hapo umenishika. Mwezi jana ngen niliisahau.

bi_leseni
Neno dogo: Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama inayotunza siri za mashine. Ukinakili mashine yenye TPM pepe, siri zilizomo zinaweza kunakiliwa pia. vSphere 8, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe, inakuruhusu kuchagua kila nakala ipewe mpya. Chagua hivyo.

fundi_wa_zamu
Asanteni sana. Kabla ya kujenga chochote nilifungua Task Manager kwenye mashine tano leo saa mbili na dakika tano. Zote mscorsvw.exe, ndiyo ile kazi ya foleni ya .NET, iko juu kabisa, inatafuna CPU. Nikaenda kwenye kile kiolezo cha laptop, nikaendesha ngen, nikasambaza upya kwa kikundi kimoja cha mashine kumi. Kesho asubuhi nitasimama nyuma yao na saa mkononi. Hata hivyo laptop inaondoka: Enterprise, Packer, na orodha ya tiki nitakayoipitia moja moja. Tiki_zote, ile orodha yako iliyorekebishwa bado unayo?

tiki_zote
Ninayo. Search nimeiacha hai. Nakutumia.