Bili ya intaneti imefika £43: nihame au nikae?

Kutoka: Mama Watatu, Reading
Jumanne, saa tano usiku

Wapendwa, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Leo nilikuwa napekua taarifa ya benki kutafuta malipo ya viatu vya shule, nikakutana na jambo jingine kabisa. Kampuni ya intaneti inanikata £43 kila mwezi. Nilipojiunga nao ilikuwa £26! Nikaanza kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja: £26, Aprili ikapanda kidogo, kisha kuna mwezi ikaruka, na tangu hapo haijashuka. Kumbe mkataba wangu wa miezi 24 uliisha miezi 14 iliyopita. Niko tu nakatwa, kama abiria aliyelala kwenye teksi na mita inatembea.

Kusema haki, hawakunificha. Sheria ya huku Uingereza inawataka wakuarifu kati ya siku 10 na 40 kabla mkataba haujaisha, na barua pepe yao nimeikuta leo, imebanwa katikati ya matangazo ya pizza. Haijafunguliwa.

Mchana nimewapigia. Muziki dakika 35. Kijana aliyepokea akaniambia, kwa kuwa mimi ni mteja mwaminifu, atanishushia hadi £38. Wakati huohuo niko kwenye tovuti yao wenyewe naona mteja mpya, spidi ileile, £27. Nikamuuliza uaminifu wangu umeninunulia nini. Akacheka, masikini, si kosa lake.

Mkichukua £16, tofauti ya £43 na hiyo £27, mkazidisha kwa miezi 14 mnapata £224. Hiyo ni sehemu nzuri ya nauli ya kwenda Dar. Nataka kuhama ila naogopa. Miaka ile jirani yangu alihama akakaa wiki mbili bila mtandao, na hapa kwangu baba watoto anafanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki. Waliohama karibuni, mlifanyaje?

Kutoka: Kijana wa Kisauni, Barking
Jumatano asubuhi

Mama shikamoo, na pole. Mimi kazi yangu ni kufunga hizo waya, na kila nyumba ninayoingia naulizwa swali lako.

Hofu ya jirani yako ilikuwa na msingi wake. Zamani ukitoka kampuni moja inayopita kwenye waya za Openreach, mtandao ambao kampuni nyingi huutumia kwa pamoja, kwenda nyingine ya waya hizohizo, ile mpya ilikushughulikia. Lakini ukihama mtandao wenyewe, tuseme kutoka kwenye kebo za Virgin Media au kwenda huko, ilikubidi upige simu pande zote mbili na uombe Mungu siku zilingane. Hapo ndipo watu walipokaa bila mtandao, au wakalipa bili mbili mwezi mmoja.

Tangu tarehe 12 Septemba 2024 kuna njia moja ya wote, inaitwa One Touch Switch. Unaongea na kampuni mpya peke yake. Unawapa jina lako, anwani na kampuni uliyonayo sasa, wanaulizana wenyewe kwa kompyuta. Ile ya zamani inakutumia ujumbe kukueleza ukiondoka utadaiwa nini na huduma gani nyingine itaguswa. Ukiridhika unakubali, siku inapangwa, basi. Na hawaruhusiwi tena kukulipisha siku 30 za notisi baada ya siku uliyohama. Kwako wewe mkataba umeisha zamani, kwa hivyo hakuna faini ya kuondoka.

Kwa hivyo usiwapigie wa zamani kukata huduma. Hata ukiwa umekasirika vipi. Ukikata mwenyewe unauvuruga mpango mzima.

Sasa, kabla ya kuchagua, jua ni waya gani unaingia kwako. BT na Plusnet, na mara nyingi Sky, Vodafone na TalkTalk, hupita kwa Openreach. Ukiwa bado kwenye waya wa shaba unaotoka lile kabati la kijani barabarani, ukihamia kampuni nyingine ya shaba hiyohiyo umebadilisha matatu tu, mashimo ya barabara ni yaleyale. Bei itashuka, spidi itabaki pale. Ukitaka tofauti tafuta faiba inayofika hadi ndani ya nyumba. Weka postikodi yako kwenye tovuti ya Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa huku, itakuonyesha mitandao iliyofika mtaani kwenu.

Faiba ikiwa haijawahi kuingia, fundi atakuja kutoboa ukuta na kubandika kisanduku cheupe ukubwa wa kitabu cha mfukoni. Amua mapema kikae wapi, na kuwe na soketi ya stima karibu. Juzi mwenye nyumba aliniambia "popote tu, kaka" akarudi kuongea na simu. Sasa ruta yake iko nyuma ya friji na analalamika waifai haifiki chumbani. Kama umepanga, mwombe landilodi ruhusa kwa maandishi kwanza. Nimeshafukuzwa mlangoni na drili mkononi.

Na usiuziwe spidi ya uwanja wa mpira. Familia ya watu watano, megabiti 100 hadi 150 zinatosha hata kila mtu akiwa kwenye skrini yake.

Kutoka: Baba Pacha, Milton Keynes
Jumatano mchana

Kijana kasema kweli, ila ni kweli ya kwenye karatasi. Ngoja niwape ya nyumbani kwangu.

Nilijaza fomu ya kampuni mpya, mfumo ukajibu kwamba haunitambui kwa kampuni ya zamani. Nikajaza tena. Haunitambui. Nimeishi nyumba ile miaka sita! Siku ya pili ndiyo mke wangu akaniuliza, "Uliandika jina gani?" Wakubwa, si mnajua majina yetu. Akaunti ya zamani niliifungua na pasipoti, ukoo likaingia jina la babu. Siku hizi kazini natumia la baba. Mfumo unalinganisha jina la ukoo na anwani. Ukoo usipolingana, wewe ni mtu mwingine. Nikachukua bili, nikanakili jina herufi kwa herufi, nikaongeza na namba ya akaunti, likapita dakika hiyohiyo. Na kama akaunti ni ya mwenzio, yeye ndiye ajaze. Mama Watatu, angalia bili yenu imeandikwa jina la nani kabla hujaanza.

La pili, siku ya fundi nilichukua likizo, nikakaa dirishani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana kama nasubiri mahari. Hakuja. Wakanipangia siku nyingine, huduma ikaanza siku sita baada ya ile niliyoahidiwa. Jina la kampuni silitaji, ila niseme la haki: fidia ilikuja yenyewe. Kuna mpango wa fidia tangu Aprili 2019. Siku hizi ni zaidi ya £6 kwa kila siku wanayochelewa kukuanzishia, na zaidi ya £30 kwa fundi asiyetokea. Mtandao ukifa na wasiutengeneze ndani ya siku mbili kamili za kazi, fidia inahesabiwa kwa kila siku pia. Inaingia kwenye bili yako bila kugombana. Lakini kujiunga na mpango huo ni hiari ya kampuni, na baadhi ya hizi ndogondogo hazimo. Uliza kabla ya kusaini.

La tatu ni ujinga wangu. Nilidhani nikihamisha intaneti na king'amuzi cha TV kimehama. Hakihami. Utaratibu ule ni wa intaneti na simu ya mezani tu, TV unakata mwenyewe. Nililipia miezi miwili chaneli za mpira ambazo kisanduku chake kilikuwa kabatini.

Kutoka: Mzee wa Leicester
Jumatano jioni

Wanangu, nawasoma. Marahaba nyote mlionishika mkono.

Mimi nina simu ya mezani na siioni haya. Namba hii ninayo tangu wanangu wako skuli, na ndiyo wanayoijua dada zangu walioko Unguja na Muscat. WhatsApp ninayo, lakini dada mkubwa hapendi kuonekana usoni akiwa hajavaa vizuri, anapiga mezani.

Mwaka jana mwanangu alinihamisha. Nikamwambia kabla ya yote: namba hii ikipotea, usije Idi. Basi aliwaambia kampuni mpya mwanzoni kabisa kuwa tunataka kubaki na namba, ikaja salama. Laiti angekata ya zamani kwanza, namba ingeweza kwenda na maji.

Jambo ambalo halikusemwa hapa ni kuwa simu yenyewe imebadilika. Huduma ya zamani ya simu kupitia waya wa shaba itazimwa kote nchini ifikapo Januari 2027. Simu sasa huchomekwa nyuma ya ruta, si ukutani. Kwa hiyo umeme ukikatika, simu nayo imekufa. Ile ya zamani ilikuwa na umeme wake ndani ya waya. Mwenye mzazi anayevaa kitufe cha dharura shingoni, au asiye na simu ya mkononi, aiambie kampuni wazi wazi; inawapasa wampe njia ya kupiga simu ya dharura kwa muda wa angalau saa moja umeme ukiwa hakuna. Mimi waliniletea betri. Ipo juu ya kabati, inawaka taa ya kijani usiku kucha, mke wangu ameifunika kitambaa.

Kutoka: Dada wa Coventry
Alhamisi

Asanteni, nimejifunza mengi. Mimi swali langu ni dogo na naona aibu kidogo. Kwa sasa niko kwenye Universal Credit, ile ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, saa za kazi zimepungua. Hata hiyo £27 ni kubwa. Kuna njia?

Kutoka: Kijana wa Kisauni, Barking
Alhamisi

Dada, aibu ya nini. Ipo, na hawaitangazi kwenye mabango. Inaitwa social tariff, yaani bei nafuu kwa wanaopokea ruzuku za serikali. Kampuni nyingi kubwa na baadhi ya ndogo zinayo, kuanzia kama £12 hadi £20 na kitu kwa mwezi. Universal Credit inakustahilisha karibu kote, Pension Credit, ile ya wastaafu wa kipato kidogo, pia kwa kampuni nyingi, wazee wasikie. Bei mara nyingi haipandi katikati ya mkataba, na ukitaka kuondoka huna faini. Anza na kampuni uliyonayo, waulize kwa jina hilohilo. Wengi hukubali ushuke hata kama mkataba wa sasa haujaisha. Wengi huhakiki na idara ya serikali kwa idhini yako, mara nyingi huhitaji kubeba makaratasi.

Ila kwa wale ambao visa yao imeandikwa kwamba hawaruhusiwi kupokea fedha za umma: msiende kuomba Universal Credit ili mpate intaneti ya £12. Hiyo itawagharimu zaidi ya intaneti.

Kutoka: Mama Watatu, Reading
Wiki tatu baadaye

Wapendwa, nimehama.

Baba Pacha, Mungu akuzidishie. Bili ilikuwa kwa jina la baba watoto, tena limekosewa herufi moja. Tumelinakili na kosa lake, likapita.

Nimechukua faiba ya megabiti 150, £27, miezi 24. Nilisoma masharti safari hii, nimevaa miwani. Mikataba ya tangu tarehe 17 Januari 2025 hairuhusiwi kusema "tutapandisha kwa mfumuko wa bei pamoja na asilimia fulani". Mnakumbuka Aprili 2023, kampuni kadhaa kubwa zilivyopandisha zaidi ya asilimia 14? Sasa lazima waandike ni pauni ngapi na lini. Wangu wameandika £3 kila Aprili. Kwa hiyo £27 si £27, ni £27, kisha £30, kisha £33, na miezi ya kila bei inategemea umeanza mwezi gani. Nilipiga hesabu ya miezi yote 24 kwa kampuni tatu, na ile iliyoonekana ya bei rahisi kwenye tangazo ikatoka ya pili.

Fundi alikuja saa nne kasoro. Kijana wa Kipolandi, mpole, alivua viatu bila kuambiwa. Nikamwonyesha pa kuweka kisanduku: sebuleni, pembeni ya dirisha, soketi ipo, friji haipo. Akatoboa, akapuliza vumbi, akachomeka. Huduma ya zamani ilizimika saa nane, mpya ilikuwa imeshawaka. Baba watoto alikuwa kwenye mkutano hata hakujua.

Tarehe ya kuisha mkataba nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani, ile ya msikiti, na kwenye simu, mwezi mmoja kabla.

Na jana, wale wa zamani wamepiga. Wenyewe! Hakuna muziki. "Tumeona umeondoka, tunaweza kukupa £25." Jamani, hii ni Kariakoo kabisa: ukiwa umesimama mbele ya duka bei haishuki, ukifika kona unaitwa "dada, njoo tuzungumze." Nilikuwa bado ndani ya siku 14 za kubadili mawazo, ningeweza kurudi. Nikakataa. Nilitaka tu wasikie mtu anakataa.

Wameniletea mfuko wa kurudishia ruta yao, usiporudisha wanakutoza. Nimeupeleka posta na risiti nimeipiga picha. Sasa naomba msaada wa mwisho: nilipopanda darini kutafuta waya wake nimekuta ruta nyingine mbili, moja nyeusi na moja nyeupe, hazina jina, na baba watoto anasema hazijui.

Kutoka: Baba Pacha, Milton Keynes

Geuza uangalie chini, kuna stika. Kama tatizo letu sote ni moja, mimi ninazo ruta nne.