Mrejesho: video yangu ya usaili wa uigizaji niliyojirekodi kwa simu

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliwauliza kwa nini video ya usaili niliyojirekodi kwa simu chumbani kwangu, hapa Kisauni, ilikuwa na mistari ya giza inayotambaa na sauti yenye mwangwi. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Aliyenieleza kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mkondo wake hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na kwamba baadhi ya taa za LED humetameta kamera inaporekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) 30 kwa sekunde, alikuwa sahihi: nilipoweka fremu 25 na kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya sekunde 1/50, mistari ilitoweka papo hapo. Mwangwi ulinishughulisha zaidi. Nilitundika leso na mablanketi pande zote mbili za kamera, nje ya picha, nikamsogeza dada yangu, aliyenisomea maneno ya mhusika wa pili, karibu na lenzi ili macho yangu yasitangetange, na sauti ikatoka kavu.

Ushauri wa kutumia mwanga wa dirishani haukunifaa, kwa kuwa mawingu yalibadilisha rangi ya uso wangu katikati ya onyesho. Nimebaki na taa moja, mbele yake kitambaa cheupe. Feni niliizima, nikaloa jasho, kwa hiyo andaeni taulo. Tuktuk bado zinasikika, ingawa saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, kuna afadhali.

Nafasi yenyewe sikuipata, ila safari hii nilijibiwa kwamba picha na sauti ni safi.