Jeni ikipotea utumboni mwa sungura, tunajuaje kwamba ndiyo inayomwezesha bakteria wa kipindupindu kujikita?

Mwanagenzi_Mikrobiolojia

Salaam wanajukwaa. Ninasoma shahada ya uzamili na nimepangiwa kuwasilisha darasani namna wataalamu wanavyotafuta jeni zinazomwezesha *Vibrio cholerae* kujikita, yaani kukaa na kuongezeka, katika utumbo mwembamba. Hatua zenyewe nimezielewa. Transposoni, yaani kipande cha DNA chenye uwezo wa kujichomeka popote kwenye jenomu, huingizwa katika maelfu ya bakteria ili kila mmoja aharibikiwe na jeni moja. Kundi zima la mutanti hao hunyweshwa sungura wachanga, kisha DNA ya bakteria waliotolewa utumboni husomwa na kulinganishwa na ya wale walioingia. Jeni ambayo mutanti wake walikuwamo kwenye dozi lakini hawakuonekana utumboni huwekwa kwenye orodha ya jeni za kujikitia.

Kinachonitatiza ni hiyo hatua ya mwisho, maana bakteria anaweza kupotea kwa sababu nyingi zisizohusiana na kujikita, ikiwemo bahati mbaya tu. Je, sababu hizo hutenganishwaje? Na matokeo ya sungura yanamhusu binadamu kwa kiasi gani?

Mzee wa Darubini

Ndugu Mwanagenzi, wengi huanza kuliuliza swali hilo baada ya kuchora grafu, wakati lingepaswa kuulizwa kabla ya kumgusa sungura.

Kulinganisha na dozi peke yake hakutoshi. Kundi lile lile la mutanti hukuzwa sambamba katika chupa ya virutubisho, na anayetufaa ni yule anayestawi chupani lakini akapotea utumboni. Aliyedhoofika kotekote ana tatizo la kukua tu. Hata hivyo chupa ina karamu ambayo utumbo hauna. Bakteria asiyeweza kujitengenezea purini, kemikali ya kujengea DNA, ataishi vizuri chupani kwa sababu purini imo tayari, kisha utumboni atafifia kwa njaa. Mimi siiondoi jeni ya namna hiyo kwenye orodha, kwa kuwa kujipatia riziki ni sehemu ya kujikita, ila siiweki kapu moja na jeni za kujishikizia kwenye ukuta wa utumbo.

Kuhusu bahati, hesabu inasaidia. Tuseme umemnywesha sungura mutanti 50,000 tofauti, lakini asidi ya tumbo, nyongo na ute vimewaacha bakteria 5,000 tu waanzishe ukoo. Mutanti wasiopungua 45,000 watakosekana hata kama hakuna jeni iliyohusika. Kwa sababu hiyo hatumhukumu mutanti mmoja mmoja, bali tunatazama sehemu zote ambamo transposoni ilijichomeka ndani ya jeni moja. Ikiwa jeni ina sehemu 20 na kila moja ina nafasi ya kama 10% ya kubaki, uwezekano wa zote kupotea kwa bahati ni takribani 12%, ambao bado ni mkubwa mno kwa sungura mmoja. Yakijirudia hayo hayo kwa sungura watatu, uwezekano huo unashuka chini ya 0.2%. Programu ya ARTIST, iliyochapishwa mwaka 2014, hufanya kazi ya jamii hiyo: huiga kwanza upotevu wa bahati, ndipo ipime kama jeni imepungua kuliko bahati inavyoweza kueleza.

Bi Maabara

Namuunga mkono Mzee, ila ningeongeza jambo linalosahaulika: mutanti hawa hawaishi peke yao, wanaishi katikati ya wenzao, na wenzao hao wanaweza kuwaokoa au kuwaua.

Chukua sumu ya kipindupindu. Inatolewa nje ya seli, kwa hiyo mutanti aliyepoteza jeni zake hunufaika na sumu ya majirani, na jeni muhimu inaweza kupita mtihani bila kuonekana. Kinyume chake kilijitokeza katika utafiti wa maabara za Waldor na Mekalanos huko Boston mwaka 2013. Miongoni mwa mutanti waliopungua katika utumbo wa sungura walikuwemo wale walioharibikiwa na jeni ya kinga, ambayo kazi yake ni kumlinda bakteria dhidi ya silaha ya aina yake mwenyewe, yaani mfumo wa utoaji wa aina ya 6, unaochoma seli jirani na kuzitia sumu. Mutanti hao hawakushindwa kujishikiza. Walichomwa na ndugu zao. Wangenyweshwa peke yao, bila ndugu wenye silaha, udhaifu huo usingetarajiwa. Lakini tazama faida yake: aina ya bakteria iliyotumika haitumii silaha hiyo katika hali ya kawaida ya maabara, kwa hiyo kufa kwa mutanti hao ndiko kulikoonyesha kwamba ndani ya utumbo silaha inafanya kazi.

Mwanagenzi_Mikrobiolojia

Ahsanteni sana. Kwa hiyo nikishapata jeni moja inayoshukiwa, naithibitishaje?

Bi Maabara

Unaanza upya na jeni hiyo peke yake. Unaiondoa kwa usafi bila kuacha transposoni, kwa kuwa transposoni iliyojichomeka mwanzoni mwa operoni, yaani mfululizo wa jeni zinazosomwa pamoja, inaweza kuzima jeni zote zinazofuata, nawe ukaishia kumlaumu asiyehusika. Kisha unachanganya mutanti na mzazi wake kwa kiasi sawa, mmoja wao akiwa amenyimwa jeni ya *lacZ*, ambayo hugeuza kemikali ya X-gal kuwa bluu, na kuwanywesha pamoja. Siku inayofuata unasaga utumbo na kupanda kimiminika chake kwenye agari yenye X-gal, na kesho yake sahani ina koloni za bluu na nyeupe unazozihesabu kwa macho. Kama waliingia sawa kwa sawa na sasa mutanti ni mmoja kwa kila wazazi 100, faharasa ya ushindani ni 0.01. Mwisho unamrudishia mutanti jeni yake kwenye plasmidi, yaani duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu. Asipopata nafuu, usiandike ripoti bado. Na pale unaposhuku bidhaa inayoshirikiwa, kama sumu, mnyweshe mutanti peke yake pia.

Mzee wa Darubini

Swali la binadamu halijajibiwa. Sungura na panya hutumiwa wakiwa wachanga kwa sababu wakubwa humkataa bakteria huyu; kwa hiyo tangu mwanzo tunapima katika utumbo ambao bakteria wake wa kawaida bado ni wachache, na jeni za kushindana na wenyeji zinaweza kutuponyoka.

Kwa jeni chache, hata hivyo, jibu la moja kwa moja lipo. TCP, vinyweleo ambavyo *V. cholerae* huvitumia kushikamana na wenzake katika vikundi vidogo juu ya utumbo, vilielezwa mwaka 1987 kwa kutumia transposoni na panya wachanga. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore, walichapisha matokeo ya watu wazima waliojitolea kunywa bakteria walioondolewa jeni ya TCP au jeni ya *toxR*, ambayo huongoza jeni nyingine za ugonjwa. Bakteria hao walishindwa kujikita. Katika jambo hilo panya na binadamu walikubaliana.

Katika uwasilishaji wako ningetaja pia chanjo ya kunywa ya CVD 103-HgR, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa jina la Vaxchora. Walioitengeneza waliondoa sehemu kubwa ya jeni ya *ctxA*, inayotengeneza kipande chenye madhara cha sumu, lakini TCP waliiacha, kwa sababu bakteria wa chanjo hii hana budi kukaa utumboni kwa muda ndipo mwili upate kumtambua.